Maji ya Uchina Katika Barza ya Hail

Chekeni mtakavyocheka, maana mimi mwenyewe nikikikumbuka kisa hiki njiani hujivuta kilemba usoni watu wasinione ninavyotahayari. Nilikwenda kwa watu kuomba wanitambue kuwa mimi ni mtu wao, nikaishia kumpaka sheikh wao haluwa kifuani. Hicho ndicho kisa kwa ufupi, na laiti siku ile ningejua kusema kwa ufupi namna hii, leo nisingekuwa na la kuwahadithia.

Ilikuwa mwaka wa sabini, mwishoni mwake. Nilikuwa na miezi miwili tu tangu niingie Maskati nikitokea Unguja kwa kupitia Dubai, nimefikia Matrah kwa ami yangu, Ami Salum, ami wa ukoo tu, si ndugu wa damu wa baba, ambaye yeye alitangulia mwaka wa sitini na nne na alikuwa na duka la vitambaa. Serikali mpya ilitaka watu wenye ujuzi, na mimi nilikuwa fundi wa mitambo ya kuchapisha (ufundi niliosomea Uchina, tutafika huko, msiniharakishe), kwa hiyo kazi ilikuwepo inaningoja, lakini kazi huipati bila karatasi, na karatasi huipati bila barua ya sheikh wa kabila lako kushuhudia kwamba wewe kweli ni wao, si mtu tu aliyeteremka melini akajivika kanzu. Sisi tuliozaliwa Unguja ushahidi mwingine hatukuwa nao. Babu yangu aliondoka huku kijana, akaoa kule na akazikwa kule, na Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, ukinisikia naomba maji ya kunywa utadhani nahutubu Ijumaa. Bila ile barua nilikuwa mgeni wa ami yangu mpaka siku atakapochoka nami.

Sheikh mwenyewe alikuwa akikaa Hail, kabla ya kufika Sib. Tukapanda Landrova ya mtu asubuhi, mimi nimevishwa kanzu ya ami, jambia la ami, na kilemba alichonifunga ami mwenyewe kwa mikono yake kwa sababu mimi nilikuwa nikikifunga kinakaa kama kata ya kubebea mtungi. Wakati ule hakuna lami, ni mchanga na mawe na vumbi, ukipita Ghubra unaona vibanda vya makuti na dagaa walioanikwa ufukoni, basi. Ami hakuangalia dagaa wala vibanda. Alikuwa ananifundisha.

"Khalfan, nisikilize. Tukishakaa watatuamkia, kisha wataniuliza mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa: habari gani, elimu gani za huko? Elimu kwao ndiyo habari. Mimi ntajibu, hapana ila kheri. Na wewe wakikuuliza, jibu hivohivo. Hata kama nyumba yako inawaka moto, hapana ila kheri."

"Sasa hizo habari zenyewe watazijua lini, ami?"

"Baada ya kahawa. Kidogokidogo. Wakitaka. Wewe nyamaza tu, mwanangu, nakuomba kwa Mungu."

Nikamwambia nimefahamu. Na kweli nilikuwa nimefahamu, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sikukosea kwa kutojua.

Barza yao ilikuwa chumba kirefu cha udongo, pana mazulia na mito ya kuegemea, bunduki zimetungikwa ukutani, na wanaume kama thelathini wamekaa kwa mstari, kila mmoja na jambia lake na kimya chake. Mimi nimezoea barza za Unguja, watu wanapigiana kelele na mcheza karata anaapa hakuiba. Hapa hata kukohoa palikuwa na utaratibu. Niliogopa, nasema kweli, kwa kuona kwamba hawa ndio watu wangu na sijui hata mguu niuweke wapi. Sheikh alikuwa mtu wa makamo, kanzu yake nyeupe inaumiza macho, na ubavuni kwake amekaa mzee mmoja kipofu, mdogo wa umbo, aliyeinamisha kichwa kama amelala. Mbele yetu wakaweka sinia la haluwa na tende, na dele la shaba la kahawa.

Akaulizwa ami. Ami akajibu, hapana ila kheri. Akarudi kumuuliza sheikh, na sheikh naye, hapana ila kheri, na chumba kizima kikashusha pumzi, mambo yamekwenda sawa. Kisha sheikh, kwa ustaarabu wake tu (na nadhani kwa kuniona kijana mgeni nimekaa kama mgonjwa), akanigeukia mimi.

"Na wewe, kijana? Elimu gani za huko utokako?"

Hapo ndipo. Maneno matatu tu ndiyo yaliyotakiwa, na yalikuwepo mdomoni, lakini moyo ukaniambia, Khalfan, hawa watu wamekaa hapa tangu wazaliwe, na wewe umeona Hangzhou. Ukisema hapana utakuwa umesema uwongo. (Tazameni jinsi shetani anavyojua kumnasa mtu kwa ukweli.)

"Elimu zipo, ya sheikh," nikasema. "Tena kubwa."

Ami Salum akafumba macho.

Basi nikaanza. Nikawaambia kwamba mwaka wa sitini na tano tulipelekwa vijana kumi na wawili kutoka Unguja kwenda kusomea kazi katika mji wa Uchina uitwao Hangzhou, miezi minne, na kila siku ya mapumziko wenyeji wetu walikuwa wakitutembeza. Nikawaeleza ziwa la mji ule, kwamba asubuhi linakuwa na ukungu hujui wapi maji yanakwisha na wapi mbingu inaanza, na katikati yake pana njia ndefu iliyojengwa juu ya maji, imepandwa miti ambayo matawi yake yanainama mpaka yanagusa ziwa, na mimi nilikuwa nikiipita njia ile nazungumza kwa kunong'ona bila mtu kunikataza. Nikawaeleza mnara uliopo juu ya mto, ukiuhesabu kwa nje una mapaa kumi na matatu, ukiingia ndani unapanda ghorofa saba tu, na nilipanda na kushuka mara tatu nikitafuta hizo sita zilipofichwa, mpaka mlinzi akaniletea maji nikae. Nikawaeleza wazee wanaokaanga majani ya chai kwa viganja vitupu ndani ya sufuria la moto, wanageuza na wanaongea na wewe na wala hawaungui.

Na nikawaeleza msikiti. Katikati ya mji ule, ambapo nilikuwa sijasikia hata salamu ya Kiislamu kwa wiki tatu, wakatuingiza katika msikiti wa zamani mno, na ndani pana mawe yamechongwa maandishi ya Kiarabu. Nikasoma kwa sauti. Mimi, mtoto wa Unguja, nasoma jiwe lililochongwa Uchina na watu waliokufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, na mzee wa msikiti, kofia yake nyeupe, macho yake ya Kichina, ananisikiliza na machozi yanamtoka, tukashikana mikono na hatuna lugha nyingine ila hiyo ya kwenye jiwe. Nilipofika hapa, barzani palikuwa na kimya cha namna nyingine. Mtu mmoja alikuwa na tende mkononi tangu ziwani na hajaitia mdomoni, nami nikajiona nimewashika wote.

Isipokuwa mmoja, mtu mrefu aliyekaa karibu na mlango, aliyeniuliza polepole, "Nani aliyekupeleka Uchina?"

Sasa mjue kwamba mwaka ule neno Uchina si neno la kusema ovyo Maskati. Kusini kulikuwa na vita, na watu walikuwa wakisema silaha za waasi zinatoka huko huko. Mtu mwenye akili angenyamaza pale pale akaomba maji. Mimi nikamjibu, "Subiri, hujasikia habari ya mto!"

Lakini Kiarabu kilikuwa kimenikwishia. Kwa ziwa na msikiti nilijikongoja, lakini kwa mto nilihitaji lugha yangu, nikamwomba ami anifasirie, nikaingia kwa Kiswahili. Nikasema, sisi watu wa pwani maji kujaa na kupwa tumezaliwa nayo, bamvua tunalijua, lakini maji yetu yanapanda kwa adabu, unageuka tu unakuta ngazi imelowa. Kule mwezi wa vuli ukishapevuka watu maelfu wanajipanga ukingoni mwa mto kungoja bamvua, na sisi vijana wa Unguja tulikuwa tunacheka, tunaambizana, hawa watu wa bara masikini hawajaona bahari. Kisha ukasikika mvumo, mbali, na ardhi ikaanza kutetema chini ya viatu. Ukatokea mstari mweupe kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule, na ule mstari ukawa unakua, ukawa ukuta, ukuta wa maji unaopanda mto kwenda kinyume na mkondo wake, unanguruma, na sote tuliokuwa tukicheka tukanyamaza. Nilimshika mkono mtu nisiyemjua nikasema Subhanallah, naye akasema neno kwa lugha yake, na Wallahi nilielewa.

Nilipokwisha nikamtazama ami. Ami akamgeukia sheikh.

"Anasema maji yalijaa," akafasiri.

"Ami! Si hivyo tu!"

"Anasema yalijaa sana."

Nikaona sheikh anatikisa kichwa kwa upole, kama mtu aliyeambiwa mvua imenyesha Nizwa. Nami roho haikukubali. Maji yale, yaliyonitoa machozi, yaishe kwa maneno mawili ya ami? Nikasimama. (Ndiyo, nilisimama, katikati ya barza, watu wote wamekaa.) Nikasema kwa Kiarabu changu cha hotuba, "Enyi kaumu, tazameni!" nikaanza kwa kuvuma kwa koo, nikapiga miguu ili waone ardhi inavyotetema, na kwa kuwa nilihitaji ule mstari mweupe nikashika ncha ya kilemba changu nikakivuta, kikafunguka chote, kitambaa kirefu jamani sijui ami alikuwa anakizungusha mara ngapi, nikakishika kwa mikono miwili, nikarudi mpaka mlangoni na nikaja nacho kuelekea kwa sheikh, nanguruma, nakua, kichwa wazi mbele ya watu wazima thelathini.

Ncha ya kilemba ikashika mdomo wa dele.

Dele likaanguka, kahawa ikamwagika juu ya zulia, mimi katika kuliruka dele nikakanyaga kanzu ya ami (ndefu, ami ni mrefu kunishinda), nikaenda na magoti juu ya sinia, na sinia likainuka upande wa pili. Haluwa mnaijua. Haikimbii, inakwenda polepole na inafika. Ikamfikia sheikh kifuani, juu ya ile kanzu nyeupe, na bonge moja likapanda mpaka ndevuni likatulia hapo.

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Nilikuwa nimepiga magoti naikusanya haluwa kwa viganja, nairudisha siniani pamoja na manyoya ya zulia, nasema samahani kwa lugha mbili, na ami amejiinamia amejishika paji la uso. Sheikh akajifuta kwa leso, hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniua.

"Salum," akamwambia ami. "Umeniletea kijana unataka nimshuhudilie kuwa ni wetu. Mtoto wetu wa miaka sita anajua kujibu akiulizwa habari. Huyu hajui. Hangoji mkubwa wake, hangoji kahawa, anavua kilemba. Nimshuhudilie kwa lipi?"

Yule mrefu wa mlangoni akaongeza, "Na katoka Uchina. Kakiri mwenyewe."

Nikaona kila kitu kinaondoka, kazi, karatasi, na ami yangu anavyotahayari mbele ya watu aliowanyenyekea miaka sita.

Hapo yule mzee kipofu akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, anacheka mpaka fimbo imemponyoka, kisha akasema kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, "Wewe Salum umetupunja, bwana. Kijana kapika sufuria zima, wewe umetupakulia ukoko."

Ami akashtuka. Hakuna aliyekuwa akikumbuka kwamba yule kipofu, Mzee Humeid, anajua Kiswahili cha misimu minne ya karafuu aliyokaa Unguja ujanani, maana tangu arudi hakupata wa kusema naye. Akanigeuzia uso. "Babako nani? Na babu yako mzaa baba?"

"Babu ni Suud," nikasema.

Akarudi kwenye Kiarabu, akamwambia sheikh na watu wote wasikie, "Ulizeni tena kama ni wetu! Suud alirudi kutoka Makka, tukamuuliza habari hapa hapa, barza hii, babako ndiye aliyekuwa akikaa mahali pako wakati huo. Kheri yake ilianza alasiri ikaisha magharibi. Akasimama kutuonesha ngamia wake alivyoteleza, akamwangukia kadhi. Kadhi alitembea na mkono kwenye kitambaa mwezi mzima. Wallahi nilikuwepo, macho yangu yakiona. Mdomo huu haununuliwi Uchina, mdomo huu umetoka kwetu."

Sasa ndipo walipocheka. Yule mwenye tende akapaliwa nayo. Hata ami alicheka, kwa kuficha. Mtu mrefu wa mlangoni alijaribu tena habari ya waasi, na sheikh akamwambia, "Huyu? Huyu wakimpa siri asubuhi, adhuhuri iko sokoni. Mtu huyu hana hatari kwa dola yoyote." Akaitisha karatasi na mwandishi. Mimi nikafungwa kilemba upya kama mtoto wa jandoni, na mzee ndiye aliyenifunga, kwa kupapasa.

Barua niliipeleka Maskati kesho yake. Karani aliyepokea, Mungu amsamehe, alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti, na nyuma yangu wamepanga mstari watu arubaini wa Unguja na Pemba, nusu yao najuana nao. Akasoma kwamba sheikh fulani anashuhudia kuwa Khalfan ni mwana wa kabila, mjukuu wa Suud, "na amethibitika kwetu kwa wingi wa maneno na uchache wa subira." Akaniangalia juu ya miwani. Akarudia mstari ule, polepole, ili aunakili vizuri. Mpaka leo Matrah nzima wapo wanaoniita Mwingi wa Maneno, na mimi huitika.

Ningeweza kumalizia hapo, mkacheka mkaenda zenu, lakini Ijumaa ya pili yake nilirudi Hail peke yangu. Nilikwenda kuomba radhi kwa sheikh, na nilipokwisha wakaniambia mzee Humeid ananiita chumbani kwake. Nilikuwa nimejitayarisha kumsimulia Uchina kwa Kiswahili bila kukatwa na mtu. Nikakaa. Akauliza habari gani, na mimi nikasema hapana ila kheri, maana kofi moja linamtosha mwenye haya.

Akatia kahawa mwenyewe, kidole kimoja ndani ya finjani ajue imefika wapi, akanipa yangu, akanywa yake taratibu. Alikuwa anajitayarisha. Akaiweka finjani chini, akaitafuta fimbo yake akaishika kwa mikono yote miwili.

"Haya," akasema. "Nilisomewa barua kuwa Suud kafariki. Ya mistari miwili. Hajaja mtu aliyenambia vipi. Yeye alinambia anakwenda msimu mmoja. Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mzee."

"Basi nambie."

Nikamwambia. Kwamba alisali alfajiri, akarudi, akaomba uji, na nilipomletea nikamkuta ameegemea ukuta, amekwisha kwenda, na nilikuwa na miaka kumi. Nilisema polepole, maneno machache, na yeye alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno kama anayelipokea mkononi, na machozi yanamtiririka bila sauti. Nimeona ukuta wa maji unaopanda mto, lakini pale kwenye mkeka nilitishika zaidi, kwa kuona binadamu amekaa miaka yote ile anangoja habari moja, na ilipofika mlangoni akaisubirisha kwanza mpaka anywe kahawa.

Kuongea sijaacha, msijidanganye. Lakini naapa kwa Mungu wangu, mtu akiniuliza habari, nyeupe au nyeusi, simpi mpaka nimeona kwanza amekaa.